Tamasha la Uru Lililotimiza Miaka Hamsini kwa Wiki Moja

"Andika vizuri," alisema Mzee Wenseslaus. "Baba yangu ndiye mwanzilishi. Usije ukamchanganya na jirani."

Kastori akalowesha ncha ya penseli kwa ulimi, akamwandika mwanzilishi wa nne. Juu ya daftari alikuwa ameandika: *Historia ya Tamasha la Sanaa za Mikono, Uru, 1924 hadi 1974*. Tamasha lenyewe halikuwahi kufanyika hata siku moja. Kastori alilibuni Jumatatu stendi ya Moshi, aliposikia kuna mnunuzi wa vitu vya kale huko Tarakea. Ila hakutegemea watu wangelikumbuka vizuri namna ile. Aliwaambia tu kwamba jirani zao wa Kibosho wanadai lao ni la zamani zaidi, na wazee wakakumbuka mpaka nyimbo.

"Serikali inataka ushahidi, mzee. Kigoda, kata ya kunywea pombe ya mbege, chochote cha tamasha la kwanza. Kitawekwa kwenye kabati la kioo Dar es Salaam. Na familia inapata shukrani, kilo mbili za sukari."

Mwaka ule sukari ilipangiwa foleni hata na wasiokunywa chai. Gunia dogo la sukari alilokuja nalo Kastori alilipata kwa kutoa baiskeli yake, na hakuwa na mali nyingine duniani.

Jumamosi mchana gunia lilikuwa tupu, naye ana vitu kumi na vinne, vyeusi kwa uzee. Akavifunga, akajitwika, akashuka kwenda kupanda basi. Manyunyu yalimkuta njiani. Akina mama waliokuwa wakipandisha wakamtazama usoni, wakashikana mabega kwa kicheko. Kastori akajifuta paji. Mkono ukawa mweusi tii. Alipoutua mzigo, vigoda vilikuwa vimeanza kuwa vyeupe kama ndizi iliyomenywa, na kimoja bado kilitoa utomvu.

Akarudi mbio kwa Mzee Wenseslaus. Mzee alikuwa ameshika tezo, anachonga. Mkewe, Mama Kornelia, alikuwa akigeuza vigoda juu ya moshi wa jiko, kikombe cha chai pembeni.

"Shikamoo mama," alisema Kastori, maana hasira haifuti adabu.

"Marahaba, mwanangu. Pole na mvua."

"Mmeniibia! Hivi vimechongwa juzi!"

"Tulivichonga sisi, kwa kijiji kizima," alikubali Mzee Wenseslaus. "Kilo moja yao, kilo moja yetu. Wewe ulituletea tamasha la miaka hamsini, sisi tukakupa vigoda vya miaka hamsini. Kosa liko wapi?"

"Nakwenda kwa balozi wa nyumba kumi!"

"Nenda," alisema Mama Kornelia kwa upole. "Atakuuliza tu gunia la sukari ulilipata wapi."

Kastori akakaa chini.

"Kibosho wamesikia," mama aliendelea. "Wanakuja kesho baada ya misa kuliona hilo tamasha, na wageni wao wenye pesa. Vigoda havitoshi. Utakachochonga ukikiuza, pesa ni yako."

Kastori aliifikiria baiskeli yake. Kisha akanyoosha mkono kuomba tezo.

Giza lilipoingia, mguu mmoja wa kigoda ulikuwa umetoka, umepinda kidogo. Mitatu bado ilikuwa ndani ya gogo.

"Acha hapo," alisema mzee. "Kesho amka kabla ya kengele ya kwanza."