Jinsi Fortunat wa Ngagara Alivyomfikisha Kapteni Kwao

Sogeeni, enyi mliosimama na nyinyi mnaotafuna karanga. Mezeni mate, mtege masikio, niwasimulie vita vya Fortunat, Simba Mstaafu wa Ofisi ya Ardhi, Ngome ya mtaa wa Kartie ya Tano, aliyetazama runinga kwa mgongo!

Kwa miaka thelathini moyo wake ulikuwa na kidonda kimoja. Ujanani aliufuata mchezo mmoja maarufu wa runinga, wa safari za anga, ambamo Kapteni alipotea kati ya nyota akitafuta njia ya kurudi kwao. Siku ya sehemu ya mwisho, Kapteni aliposhika mlango wa chombo ili ashuke, umeme ukakatika mtaa mzima. Je, nje ni kwao, au ni sayari nyingine ya majitu yenye vichwa vya masufuria? Fortunat akaoa, akazaa, akastaafu, asijue.

Naam, Jumapili moja alasiri sehemu ile ikarudiwa. Shujaa akakalia kiti kikubwa, singlendi kifuani kama deraya. Zikisalia dakika kumi iishe, adui akabisha hodi.

Alikuwa Xavier, kaka wa mkewe Léoncie, na wazee wawili wa Carama, na kasha la bia. Ole wake! Bia ya wageni haifunguliwi hivi hivi: aliyeileta sharti atoe ijambo, hotuba ya heshima, na mwenyeji aijibu. Na ijambo la Xavier huanzia kwa babu wa babu yake. Zaidi ya hayo, kiti kikubwa ni cha mgeni. Fortunat akahamia kigoda, uso kwa Xavier, runinga kisogoni. Léoncie akaizima sauti, akamtupia mumewe shati.

"Baba Joëlla, vaa shati. Wageni hao."

Xavier akasimama, akakohoa, akaanza. "Shemeki, bandugu bazuri, siku ile babu yetu alivuka mto Rusizi..."

Babu hajalowa magoti, Fortunat akainua macho kwa huzuni, na tazama! Katika miwani ya Xavier, ndani ya vioo viwili, walikimbia Makapteni wawili wadogo kama chawa, kuelekea milango miwili. Akakazia macho. Hakupepesa. Jasho likamtiririka.

"Ona vile anasikiliza," mzee mmoja akanong'ona. "Mukwe wa hivi hakuna tena."

Kusifiwa kukamlainisha Xavier. Machozi yakamjia; na Kapteni aliposhika mlango, Xavier akavua miwani!

Giza likamwangukia shujaa. Akaruka kama chui, akaipokonya miwani, akaifuta kwa pindo la shati lake, akairudisha kwa mikono miwili puani pa shemeji yake.

"Lia, shemeki, lia vizuri! Lakini lia na miwani yako!"

Wazee wakapigwa na butwaa. Heshima gani hii?

"Aksanti, shemeki," Xavier akasema, sauti ikitetemeka. "Basi nimalize. Ile kitu tunakuomba, unakubali?"

Vioo vikang'aa. Milango miwili ikafunguka. Nje palikuwa na nyasi, na mbwa, na mama mzee akitikisa kitenge.

"Ndiyo!" Fortunat akanguruma, ngumi juu. "Ndiyo! Ndiyo!"

Umeme ukakatika. Wazee wakapiga makofi, bia zikafunguliwa.

Wageni walipoondoka, Léoncie akamsimamia mumewe, mikono kiunoni.

"We Fortunat, unajua umekubali nini?"

"Apana."

"Mama yangu anakuja kukaa hapa. Mwaka mzima. Na chumba umemupa ni yetu."

Shujaa akamfikiria mama mkwe, kikohozi chake, mbuzi wake watatu.

"Kapteni alifika kwao, Léoncie. Mama yake alikuwa anamungojea."

"Kweli?" Mikono ikamshuka. Naye alikuwa ameungoja mlango ule, tangu wakiwa wachumba. "Alifika?"

"Alifika. Nilimuona mara mbili."

Basi andikeni, enyi wenye kalamu, wajukuu wasome: kwamba Jumapili ile Ngagara, kwa miwani ya shemeji, Kapteni alirudi kwao, na kwamba mshindi wa vita hivyo, hadi leo, analala sebuleni na mbuzi.