Ndoo ya Ming'oko Kwenye Kiti cha Mbele

Jumatatu, 7 Julai 2025

Twaha, huna akili. Nakuandikia humu daftarini kwa sababu mama yako amesimama mlangoni anasikiliza. Dereva mzima wa lori anaulizwa mpakani, kiroba hiki cha nani, naye anajibu: cha Bibi Gaudensia, anampelekea mdogo wake mgonjwa kule Mueda, ng'ambo ya mto. Nani alikutuma useme kweli? Kiroba kizima cha ming'oko, mizizi yetu ya porini, kimebaki Ruvuma. Mibichi, ina udongo wake wa Chunyu, haina hata mkwaruzo!

Anajitetea. Eti sheria. Eti dereva anaruhusiwa chakula chake cha njiani, kilichopikwa, cha kula yeye. Mizizi mibichi yenye udongo haivuki, inabeba magonjwa ya mimea. Magonjwa! Nimekula ming'oko tangu sijaota meno, na ugonjwa nilionao ni magoti tu.

Daftari hili kanipa mjukuu wangu Josephina. Kasema, Bibi, ukigombana na karatasi majirani watapumzika. Haya. Kisomo cha watu wazima kilinipa herufi, sasa nazitumia.

Mdogo wangu Goreti yuko kitandani. Aliolewa na mpigania uhuru wa kule ng'ambo, wa kambi ile ya hapa Nachingwea. Vita ya kwao ilipokwisha akavuka naye Ruvuma, akazalia huko huko. Nimembeba mgongoni huyu. Sasa hali kitu. Juzi mwanawe Eustakio alimwekea simu sikioni. Sauti kama ya kifaranga. Akasema: Dada, njoo tumenye ming'oko. Basi. Anataka ming'oko. Ya kwao ipo, lakini ina nyuzi kama kamba ya katani. Ataipata ya Chunyu tulikozaliwa, hata kama Ruvuma itawaka moto.

Jumatano, 9 Julai

Mpango mpya. Ming'oko ichemshwe hapa hapa, iwe chakula cha dereva. Nani atabisha?

Nimekwenda Chunyu kwa bodaboda. Kiuno changu kimebaki njiani, kipande kwenye kila shimo. Binamu yangu Ignasi amechimba huku analalamika kwamba mwaka huu ming'oko imekwenda chini sana. Nikamwambia basi ifuate huko huko.

Jirani yangu Shakila, mama yake Twaha, alikuja kuchungulia sufuria. Mwanamke huyu huchungulia hata maji yakichemka. Akasema, Bi Gaudensia, weka kidogo kwenye bakuli, kinachomtosha mtu mmoja. Bakuli! Mgonjwa hapelekewi bakuli kama jirani aliyeishiwa chumvi. Watu wa Mueda watasema nini? Kwamba Goreti hana kwao? Nimejaza ndoo, ile kubwa ya kutekea maji, mpaka mfuniko ukakataa.

Ijumaa, 11 Julai

Twaha ameondoka na saruji yake. Kabla hajawasha gari alinifungulia mlango wa upande wa pili. Eti, Bibi, kiti hiki kitupu, utingo wangu yuko msibani. Panda twende ukamwone mwenyewe. Karatasi ya kuvukia tutaipata mpakani, na kwenye ngazi nitakushika.

Nikamuuliza, niende mikono mitupu? Akasema si ndoo unayo. Ona akili hizo! Ndoo hiyo ni yako, nikamwambia, umesahau? Nikipanda mimi, nikaipakata, hata kipofu atajua ni yangu. Itabaki mpakani kama kiroba. Halafu naingia kwa Goreti na nini? Mikono inaning'inia kama mtu aliyekuja kuomba? Mgonjwa hatazamwi kwa macho tu. Mama yetu hakutulea hivyo.

Kwa hiyo kiti kimekaliwa na ndoo. Nimeifunga mkanda mwenyewe.

Nikamfundisha Twaha. Sema: chakula changu. Akasema, Bibi, ndoo nzima? Sema una tumbo kubwa. Bibi, leo Ijumaa. Nikamwambia uongo wa chakula cha mgonjwa malaika hawana hata wino wa kuuandikia.

Shakila akamkabidhi mwanawe bakuli lake, kama kawaida. Samaki mkavu na maandazi. Na pembeni nikaona ming'oko. Kaichomoa kwenye ndoo yangu! Mwizi wa mchana. Nimemsamehe kwa heshima ya safari.

Jumapili, 13 Julai

Simu ya Twaha imeingia nikitoka misa. Anaongea kama mtu aliyelala chini. Kumbe kweli amelala chini, kivulini mwa gari, ng'ambo ya daraja la mpakani.

Afisa aliuliza. Twaha akajibu vizuri, chakula changu. Afisa akasema, vema, kaa ule. Akamletea kiti! Twaha akala. Akala. Madereva wa foleni wakakusanyika, mmoja anampepea, mwingine anamshangilia kama yuko mpirani. Alipofika nusu ya ndoo akatoka jasho, akamtaja mama yake. Afisa akasema, mbona chakula chako hujamaliza? Basi foleni nzima ikamsaidia. Ndoo imevuka tupu. Tena imeoshwa.

Nikamuuliza, hukuweza kula polepole mpaka zamu yao iishe? Akakata simu. Kijana hana subira.

Bakuli la mama yake limevuka bila hata kuulizwa. Shakila amepita uani kwangu anaimba. Halafu akarudi, akapita tena. Bi Gaudensia, si nilisema bakuli? Nikamwambia akachungulie sufuria yake.

Jumatano, 16 Julai

Goreti amekufa. Jana alfajiri. Eustakio alipopiga nilimgombeza kwanza, kwa nini anaamsha watu. Ndipo akasema.

Wamemzika leo. Twaha amepiga kutoka huko, anasema udongo wa kwao ni mwekundu. Mimi sijawahi kuukanyaga.

Nimekaa jikoni. Nimeosha sufuria. Ilikuwa safi, nimeiosha tena.

Shakila amekuja, hakuchungulia kitu. Ameketi tu, ncha ya mtandio mdomoni. Nikamwambia kama amekuja kulia akalie kwake, hapa kuni zenyewe hazijakatwa. Hakuondoka. Amekata kuni.

Jumamosi, 19 Julai

Twaha amerudi. Amevua kofia mlangoni, ameketi chini, amenieleza.

Alifika kwa Goreti Jumapili jioni. Tumbo lake lilikuwa limejaa ndoo yangu, bakuli la mama yake hajaligusa. Akampa Goreti. Goreti akaacha samaki, akaacha maandazi. Akachukua mng'oko mmoja, akaumenya mwenyewe kwa vidole, taratibu, akaula wote. Eustakio akashangilia. Kisha Goreti akachukua wa pili. Hakuumenya. Akauweka kando yake, juu ya shuka, akatazama mlango nyuma ya Twaha. Akatazama muda mrefu. Twaha akamuuliza, Bibi, unatafuta nini? Akazidi kuutazama mlango. Kila wakitaka kuuondoa ule mng'oko anaufunika kwa kiganja. Alfajiri alipokufa walimkuta nao.

Nikamwambia Twaha, si unaona sasa. Alikuwa anatazama kama ndoo inafuata. Mng'oko mmoja kitu gani? Huo mwingine aliubania kwa sababu aliona chakula ni kidogo.

Twaha akafunika uso kwa kofia yake. Wanaume wa siku hizi.

Shakila alikuwa hapo hapo. Akafungua mdomo. Nikamtazama. Akaenda kuchochea kuni.

Baadaye Twaha akasema arobaini itakapofika atakuwa na mzigo wa Mueda tena. Kiti kipo. Bibi, safari hii panda wewe, uone alipolala. Na Shakila naye, amenishika bega: panda, Bi Gaudensia, usibebe kitu. Mama na mwana, ulimi mmoja! Usibebe kitu. Nisimame kwenye kaburi la mdogo wangu nimekunja mikono, kama niliyepotea njia? Na watu wa arobaini wale nini, machozi yangu?

Nimefikiri sana tangu mchana. Nimeliona kosa letu. Ndoo ilikuwa moja, na dereva alikuwa mmoja.

Kwa hiyo, Josephina, mpigie Ignasi aanze kuchimba, na asinililie habari za kina. Shakila aazime masufuria makubwa ya parokia. Twaha atafute dereva mwenzake mwenye tumbo la haja, na yeye mwenyewe apunguze kula kuanzia leo. Na kile kiti cha mbele kipanguswe vumbi, mkanda ukazwe vizuri. Ndoo zisije zikayumba.