Kadi ya Marehemu

Lusungu hakuwa na kazi wala haraka siku aliyoisikia ile feni. Alikuwa anakata mitaa ya Tandika, begi la vifaa begani, anatafuna muhogo wa kukaanga, mara kutoka dirisha la nyumba moja ya kizamani ukatoka mlio kama wa mashine ya kusaga unga. Ukapanda, ukapanda, kisha kimya. Halafu sauti ya binti: "Imezima tena, mama. Bibi harusi ndiyo kwanza anashuka kwenye gari."

Mtu mwingine angepita zake. Lusungu alisimama, akajifuta mafuta ya muhogo kwenye suruali, akamshukuru Mungu kwa riziki. Mlio ule aliujua. Ilikuwa kompyuta ya mezani, ya miaka mingi, yenye kadi kubwa ya picha ndani, na kadi ile ilikuwa inapata joto mpaka mashine nzima inajizimia. Ugonjwa wenyewe ni vumbi kwenye feni na dawa ya kupozea iliyokauka. Mswaki, dawa mpya ya kupaka, nusu saa umemaliza. Lakini kazi ya nusu saa hulipwa hela ya nusu saa, na Lusungu, Mungu amsamehe, hakuzaliwa kuridhika na nusu.

Akabisha hodi.

Aliyefungua ni Bi Khulud, mjane wa Mzee Thuwaini, mtandio umekaa sawasawa, tasbihi mkononi. Mzee Thuwaini katika uhai wake alikuwa mpiga video za harusi, na tangu afariki, binti yao Salsabil ndiye aliyeshika kazi kwa mashine zilezile.

"Shikamoo, bi mkubwa. Mie naitwa Injinia Lusungu. Nimesikia mgonjwa anakoroma humu ndani, roho ikaniuma."

"Marahaba. Humu hatuna mgonjwa."

"Huyo wa mezani."

Salsabil akamwonyesha kompyuta. Lusungu akalifungua kasha, akaigusa kadi, akauvuta mkono upesi na kupuliza kidole. Kisha akatikisa kichwa polepole, kama daktari aliyetoka wodini kuwakabili ndugu.

"Poleni sana," akasema. "Hii kadi imekufa."

"Imekufa?" akauliza Bi Khulud.

"Kabisa, bi mkubwa. Nisingependa kuwa mimi wa kuwaambia."

"Kaka, mie Jumamosi nakabidhi harusi ya watu," Salsabil akasema. "Nitawaambiaje?"

"Ndiyo maana Mungu kanileta. Ninaye mtu Kigamboni anashusha mpya, kwenye boksi. Hii naondoka nayo nikaipime, nisije nikakuleteeni saizi nyingine. Kesho kutwa mnacheka."

Bi Khulud akasogeza punje mbili tatu za tasbihi. "Sawa, mwanangu. Ila hapa kwangu kitu hakitoki bila kitu kubaki. Acha begi lako."

Hilo Lusungu hakulipenda. Ndani ya begi mlikuwa na maisha yake yote: mashine ya kupuliza hewa ya moto, mita ya kupimia umeme, bisibisi za vichwa vya kila namna. Fundi asiye na begi ni mpita njia tu. Lakini akapiga hesabu: siku mbili, ataleta kadi, atachukua hela, atachukua begi. Akalilaza kibarazani kwa adabu na kuondoka na kadi kwenye mfuko wa plastiki.

Chumbani kwake aliisugua kwa mswaki mpaka ikang'aa. Akapaka dawa mpya chini ya chuma cha kupozea, akaipuliza feni, akaupaka mfuniko wa juu rangi nyeusi ya kupuliza, akaitia kwenye boksi la kadi nyingine na kulizungushia karatasi ya nailoni. Alipomaliza aliitazama akajisikia fahari, na fahari ile ilikuwa ya haki, kwani kazi aliifanya vizuri. Kosa lake lilikuwa kutaka kuiuza kwa mwenyewe.

Kesho kutwa yake akaifunga mbele yao. Feni ikazunguka kimya kama pumzi ya mtoto aliyelala. Bibi harusi akashuka kwenye gari, akaingia ukumbini, akakata keki, na mashine haikushtuka. Bi Khulud akaingia ndani, akatoka na laki na themanini, akamkabidhi bila kuomba apunguziwe hata mia. Lusungu akakunja noti, akanyoosha mkono kwenye begi.

Bi Khulud alikuwa amelikalia.

"Na ile iliyokufa?"

"Ipi, bi mkubwa?"

"Kadi yangu. Ulisema unakwenda kuipima."

"Aa, ile. Ile haina maana tena. Nimeitupa."

"Umetupa mali ya mirathi?" Hakupandisha sauti. "Marehemu ana warithi, mwanangu. Wakija wakiuliza, niwaambie alikuja mtu na muhogo mkononi akaichukua? Hai au maiti, irudi hapa. Begi lako lipo, halili wala halinywi."

Hapo ndipo Lusungu alipoliona shimo alilojichimbia. Kadi ya zamani na kadi mpya zilikuwa kadi moja, nayo ilikuwa inazunguka mbele ya macho yake, inakata keki.

Siku nne alizunguka. Tandale kwa wanunua vyuma chakavu wakamcheka: kadi mbovu za namna ile walikuwa wamezivunja zote kutoa shaba. Gongo la Mboto hamna. Wateja wakampigia simu, akawaambia yuko msibani. Mwisho akafika Kinondoni kwa Audax, mwenye kibanda cha michezo ya kompyuta. Audax alikuwa nayo moja, ileile, nzima.

"Mbovu huna?" Lusungu akauliza.

"Braza, kwani unataka ikusaidie nini ikiwa mbovu?"

"Ni stori ndefu."

Audax akamtazama macho yalivyoingia ndani. "Laki mbili na nusu."

"Kitu cha zamani hivi?"

"Cha zamani ndiyo. Lakini unakitaka leo."

Lusungu akalipa. Njiani akaipaka masizi ya jiko, akaimwagia vumbi la Temeke kwenye feni, akaitia kwenye mfuko wa plastiki. Bi Khulud akaipokea kwa mikono miwili, akasema "Innalillahi," akampa begi lake na kikombe cha chai ya tangawizi.

Baada ya siku tatu simu ikaita.

"Injinia, Bi Khulud hapa. Nimekupigia nikushukuru. Ile iliyokufa tumeipangusa, Salsabil kaifunga kwenye mashine ya pili. Imefufuka."

"Mungu mkubwa, bi mkubwa," Lusungu akasema.

"Mkubwa sana. Na ile mpya, nimeona chini ya feni imeandikwa jina la Thuwaini kwa kalamu ya wino, mwandiko wake mwenyewe. Nikashangaa. Kumbe hata kiwandani walikuwa wanamjua."

Lusungu akaihamishia simu sikio la pili.

"Hela niliyokupa nimeihesabu kuwa bei ya hii ya pili," akaendelea Bi Khulud. "Sijakudhulumu, wala sasa hujanidhulumu. Swala ya alfajiri nimekuombea."

Lusungu akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa amekula hasara ya elfu sabini na wateja wa siku nne, lakini kilichomuuma kilikuwa kingine.

"Bi mkubwa, niambie ukweli. Ulinijua lini? Ulipoona jina?"

"Jina nimeliona jana. Wewe nilikujua siku ya kwanza, uliposema imekufa."

"Kwa nini? Wewe si fundi."

"Mimi nimeosha maiti, mwanangu. Aliyekufa hupoa."