Kijiwe cha Mpole

Jumatatu, 4 Agosti

“Mtu mmoja na mkoba wake hafiki Ziwa la Juu. Atarudi njiani akilia.” Ndivyo alivyotamka shemeji jana, mezani kwangu, huku akijipakulia mara ya pili. Mke wangu, ambaye ni dada yake, akaitikia kwa kichwa.

Hoja dhaifu. Msemaji anauza safari za huko huko, kwa makundi, kwa basi lenye mapazia na kofia za manjano kwa kila abiria. Ni sawa na kumwuliza muuza miavuli kama mvua itanyesha. Tena yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga huko. Hupeleka watu na dereva, yeye akabaki ofisini na feni. Na mimi si mtu wa kulia.

Nikamjibu kwamba nitakwenda peke yangu, kwa malori ya mizigo na kwa miguu, kisha nitaandika makala gazetini kuthibitisha. Akasema nikishindwa nitavaa kofia yake ya manjano hadharani, na niandike gazetini kwamba yeye ndiye aliyesema kweli. Nikakubali mbele ya mashahidi. Shahidi alikuwa mke wangu.

Kuna jambo sikuwaambia. Ziwa lile lilikuwa kwenye kalenda ya kinyozi wa utotoni mwangu. Nilikuwa nikiyatazama maji yale wakati mashine inapita nyuma ya sikio, na kelele zote za dunia zinakoma. Mwaka wa kalenda uliisha, kalenda ikabaki ukutani. Nimebishana na watu maisha yangu yote. Nadhani nataka kusimama mahali pasipo na wa kubishana naye.

Jumanne, 5 Agosti

Ofisi ya vibali. Mama wa dirishani alikuwa akimwagilia ua lake kwenye kopo. Akasema kibali cha kule juu hakitolewi kwa mtu mmoja. Lazima wawe wawili au zaidi, mmoja akivunjika mguu mwenzake akaite msaada. Nikamhutubia juu ya haki ya raia kutembea apendapo. Alisikiliza vizuri sana. Nilipomaliza akauliza, “Kwa hiyo mko wangapi, baba?”

Wawili, nikasema.

Akataka picha ya mwenzangu. Nikasema iko nyumbani. Kwa maana pana, hiyo ilikuwa kweli.

Nikafungua albamu ya mke wangu, kurasa za ujana wao. Nikabandua picha ya shemeji kabla hajaota kitambi. Kijana mwembamba, shingo ndefu, macho ya mtu anayesikiliza. Sijui kijana yule aliishia wapi. Nikampa jina la Mpole, kazi yake fundi saa. Mama wa dirishani aliitazama picha, akasema anaonekana mtu mwema, nimtunze. Akagonga muhuri.

Mpango umekamilika. Serikali imeridhika, shemeji amepatikana, na mwenzangu hali wala halali chumba cha kulipia.

Alhamisi, 7 Agosti

Lori la vitunguu, kisha lori la saruji. Nililala chali juu ya mifuko nikiitazama milima ikisogea. Kwanza ya buluu kama kitu kilichosahauliwa, baadaye ya kijivu, baadaye imejaa mbingu nzima. Nywele zangu nazo zimekuwa za kijivu. Ni saruji.

Kizuizini, penye lango la kuingilia mlimani, kuna mlinzi mkuu, mwanamke mrefu mwenye koti la sufu. Wote wanamwita Afande. Haamini karatasi kwa sababu ukungu huzilowanisha. Ana utaratibu wake: kila anayeingia huokota kijiwe na kukiweka juu ya ukuta wa kibanda. Akitoka hukichukua mwenyewe. Kijiwe kilichobaki ni mtu aliyebaki mlimani.

Akaniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema yuko nyuma ya mwamba, tumbo limemchafuka. Akasema mpe pole. Nikaweka kijiwe changu, cheusi chenye kona. Nikamwekea na Mpole. Nilimchagulia cheupe, cha mviringo, laini kama sabuni iliyotumika. Nilitumia muda mwingi kukichagua. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 8 Agosti

Ukungu mtupu. Nikitembea, sauti ya hatua zangu inarudi kutoka mahali fulani, imechelewa kidogo, kama ya mtu anayefuata bila haraka. Nikisimama, naye anasimama.

Jioni nilichemsha chai nikajikuta nimemimina mara mbili, kikombeni na kwenye kifuniko cha chupa. Nikaona haya. Halafu nikaona kukinywa kifuniko kile ni uchoyo.

Nikamweleza Mpole msimamo wangu kuhusu vibali. Hakunikatiza. Nikamweleza habari za shemeji, zote, tangu harusi. Akanyamaza kwa namna ya mtu mwenye maoni tofauti. Nikamwambia kama ana la kusema aseme. Hakusema. Katika kimya kile nikaanza kuona kwamba hoja yangu ina tundu, na tundu lenyewe linapitisha mtu mzima. Nje ya nyumba yangu sijashindwa mjadala kwa miaka mingi. Nililala mapema.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefika. Nadhani. Bango linasema Ziwa la Juu. Nyuma ya bango kuna weupe tu. Nikaingiza mkono kwenye weupe nikagusa maji.

Nikaketi kulisubiri. Sauti ya maji madogo madogo ikilamba mawe. Nilisinzia, nikaamka, sikujua lipi ni lipi. Ziwa halikujitokeza.

Chakula kimekwisha kabla ya wakati. Nilibeba cha mtu mmoja, tukala wawili. Sehemu ya Mpole wameila ndege, lakini hilo ni jambo lake na ndege.

Jumapili, 10 Agosti

Nikashuka kizuizini. Nikachukua kijiwe changu. Nikanyoosha mkono kwa cheupe, Afande akakifunika kwa kiganja. Kila mtu huchukua chake, akasema. Mwenzio yuko wapi, mzee wangu?

Mimi si mzee. Nikasema yuko nyuma, anakuja. Tukasubiri. Ukungu ukapita, ukapita mwingine. Akasema basi huyo amepotea, akapuliza filimbi. Walinzi wakatoka wakifunga kamba viunoni. Mmoja aliacha sahani yake ikifuka moshi.

Nilifungua kinywa kusema kweli. Nikaiona kweli ilivyo: nimeidanganya ofisi ya vibali, kofia ya manjano, jina langu gazetini. Nikakifunga. Wakanipa kamba na mimi.

Tukapanda kwa njia yao ya mkato. Walinzi wanaita Mpoleee, na ukungu unarudisha jina kwa sauti nyingine. Mwanzo niliita chini chini, kwa aibu. Baadaye niliita kwa sauti yangu ya mikutanoni. Baadaye zaidi sijui niliitaje. Nilimfikiria na shingo yake ile ndefu, hana koti. Sikumwandikia koti. Mlinzi mmoja akanishika bega, akasema usilie mzee wangu, tutampata. Ulikuwa ukungu machoni.

Tulipofika bangoni, ukungu ukafunguka. Ziwa lote, hadi kingo za mbali. Lile lile la kalenda, na kimya chake kile kile. Nikageuka nimwonyeshe Mpole. Nilipogeuka tena, lilikuwa limefungwa.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi, basi lenye mapazia. Kofia za manjano zikashuka moja moja. Ya mwisho ilikuwa ya shemeji. Dada yake aliona pengo kwenye albamu, akanipigia simu sipatikani, akamlazimisha aje mwenyewe.

Afande akaitazama picha kwenye kibali. Akamtazama shemeji. Akairudia picha. Kisha akamshukia: watu hawakulala kwa ajili yake, kumbe alishuka njia nyingine akapanda basi? Baridi imekuvimbisha, akamwambia, lakini macho ni haya haya. Na tumbo limepona?

Nikasubiri shemeji aniumbue. Alinitazama, akaichukua ile picha. Aliishika muda mrefu. Halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba limepona, na akawaomba walinzi wote msamaha, mmoja mmoja, kwa kuwapa mkono. Akachukua kijiwe cheupe ukutani, akakitia mfukoni.

Kisha akavua kofia yake akanivika.

Jumatano, 13 Agosti

Nyumbani. Shemeji anadai ameshinda: nilirudi na kundi lake, tena walinzi watatoa ushahidi kuhusu machozi. Uongo. Nilifika kabla ya basi lake, na unyevu wa mlimani si ushahidi wa chochote. Kofia niliivaa dirishani, pazia likiwa wazi nusu. Hilo ni hadharani. Makala nimeshaituma: mtu mmoja anaweza kufika Ziwa la Juu, mradi asiende peke yake. Mhariri ameuliza maana yake. Wahariri hawasomi siku hizi.

Kosa langu lilikuwa dogo tu. Koti. Nyuma ya ziwa kuna safu nyingine ya milima, ya mbali zaidi, na kibali chake kinataka watu watatu. Mpole nimemwandikia koti zito. Wa tatu nimempata kwenye albamu, ukurasa wa nyuma: mama mkwe akiwa msichana, ameegemea baiskeli, anamcheka mpiga picha. Watapatana. Tunaondoka Jumamosi.

Na wewe, shemeji. Najua dada yako anakusomea shajara hii kwa simu kila ninapoingia kuoga. Mama watoto, usiruke hapa, soma kwa sauti. Kile kijiwe cheupe ulichogandamizia karatasi zako ofisini si chako. Kilete kabla ya Jumamosi. Mwenyewe atakihitaji kizuizini.