Injinia Kalama na Simu ya Kalamu

Kalama alikuwa kibarazani kwake Maweni, Malindi, anakunywa chai ya tangawizi huku akipekua matangazo ya watu mtandaoni, alipokutana na maneno yaliyomfanya aweke kikombe chini.

"Natafuta simu kubwa, ile yenye kalamu. Iliyotumika si neno. Iwe safi, isiwe ghali. Niko Kilifi. Ummulkheir."

Akayasoma tena polepole, kama mtu aliyepokea majibu ya posa. Iwe safi, isiwe ghali! Kwa Kalama, mtu anayetaka hayo mawili kwa pamoja hakuwa mnunuzi. Alikuwa sadaka inayojileta kwa miguu yake.

Simu hiyo Kalama alikuwa nayo. Kusema kweli alikuwa nazo mbili, na hapo ndipo palipokuwa na kazi yake. Moja ilikuwa nzima: kioo kipana kama sinia la vitumbua, na kalamu iliyolala tumboni, ukiibonyeza inachomoza. Hiyo aliinunua kwa njia ya halali kutoka kwa mtalii aliyekuwa anarudi kwao, na ili aipate aliuza pikipiki yake, mali pekee aliyowahi kuwa nayo. Nyingine ilikuwa ganda tupu la simu ya aina hiyohiyo, aliloliokota kwa mafundi, akalijaza kipande cha kigae cha sakafuni kilichokatwa kwa msumeno ili uzito ulingane. Mteja aliikagua nzima, akaondoka na kigae. Nzima ilirudi nyumbani na mwenyewe, ganda jingine likatengenezwa, maisha yakaendelea. Simu ile ilikuwa imeuzwa Watamu, ikauzwa Mtwapa, ikauzwa Kikambala kwa meneja wa hoteli mwenye tai, na haikuwahi kulala nje hata siku moja.

Kalama alijiita Injinia. Chuo cha uinjinia hakukiona hata kwa nje. Cheo alijipa mwenyewe siku alipokata kigae cha kwanza kikakaa sawasawa.

Akamjibu Ummulkheir palepale: "Shikamoo mama. Injinia Kalama hapa. Ninayo, safi kama ya dukani. Nasafiri, ndiyo maana naiuza kwa bei ya kutupa." Akataja bei iliyokuwa theluthi ya bei ya simu kama ile hata iliyotumika. Hakuona sababu ya kuwa mchoyo. Kitu usichokusudia kukitoa unaweza kukiuza kwa bei yoyote.

Wakapatana asubuhi ya kukutana Kilifi, na kwa kuwa Kalama hakupenda kupoteza nauli kwa mtu mmoja, akampangia siku hiyohiyo mteja wa pili, Bwana Nicholas, muuza mbao wa Kilifi ambaye alikuwa ameanza kujiita mheshimiwa kabla hajapigiwa kura na mtu yeyote, mkewe akiwemo. Nicholas aliwahi kumwona mkubwa mmoja akitia sahihi juu ya kioo cha simu kwa kalamu, na tangu siku hiyo hakupata usingizi wa maana.

Ummulkheir alimngoja Kalama katika mkahawa karibu na soko la Kilifi. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa visiwani kwa asili, buibui safi, miwani minene, mkoba mkubwa mapajani. Kalama alimtazama kutoka mlangoni, na moyo wake ukafurahi kama mtoto aliyeona harusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wazee wako hawajambo? Safari ya Malindi ilikuwa njema?"

"Njema kabisa, alhamdulillahi," akasema Kalama, ambaye hakuwa Muislamu ila kwa saa za kazi. Akaiweka simu mezani kwa mikono miwili. "Ndiyo hii. Ikague mwenyewe. Mimi sipendi mtu anunue kwa maneno."

Sentensi hiyo aliitunga mwenyewe na aliionea fahari sana. Wateja wote walikuwa wameipenda.

Ummulkheir akaikagua. Aliiinamisha upande wa dirisha kutafuta mikwaruzo. Akafungua ukurasa mweupe, akausogeza karibu na miwani kuona kama kioo kina madoa yaliyogandia. Akapitisha ukucha pembeni mwa mgongo kuona kama uliwahi kubanduliwa na kugundishwa tena. Akapiga picha sukari. Akajipigia, akazungumza na nafsi yake, akajiaga kwa heshima. Akachomeka chaji, akachomoa, akachomeka tena.

"Betri yafika jioni?"

"Mama, inafika jioni, kisha inakungoja asubuhi."

"Haijaingia maji?"

"Maji? Simu hii haijaona hata umande."

"Mbona basi waiuza rahisi hivi?"

Kalama akashusha macho. Swali hilo alilipenda kuliko yote. "Mama, nikwambie kweli? Nina dada yangu amelazwa. Mtu akiwa na mgonjwa hatazami bei."

"Pole mwanangu. Si uliniandikia kuwa wasafiri?"

"Nasafiri kumtazama," akasema Kalama bila kukwama. Mtu asiye na kipaji angekwama.

"Mungu ampe afya. Sasa hii kalamu, yaandika kweli?" Akaichomoa kwa ncha za vidole viwili, kama anayetoa mwiba wa samaki. "Na mtandao, waenda mbio? Hebu nitilie nione."

Kalama akawasha data. Mama akainama juu ya kioo akaanza kuandika, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, herufi moja, kisha nyingine. Kalama alichungulia akaona *u*, akaona *m*, akaona *m* nyingine. Lo, anaandika jina lake! Alibana cheko mpaka machozi yakamlenga. Kwa adabu, na kwa kuogopa kupasuka, akageuka akaagiza sambusa.

"Mwandiko wangu mbaya," akasema mama, bado kainama.

"Utazoea, mama. Hata mimi nilianza hivyohivyo."

Mama akaandika, akafuta, akaandika tena. Sambusa zikaja, Kalama akazila zote. Alipomaliza ya mwisho, mama akarudisha kalamu tumboni mwa simu, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio.

"Haya. Imenitosha. Nakutumia pesa zako."

Pesa zikaingia kwenye simu ndogo ya Kalama, zikalia *ting*. Akaichukua ile kubwa, akatoa laini yake, akaitia simu kwenye mfuko wa ngozi, mfuko akaushusha mapajani penye begi. Chini ya meza mikono yake ikafanya ilichozoea. Juu ya meza ukarudi mfuko mwingine wa ngozi kama ule, umezungushiwa utepe wa gundi mara nyingi.

"Usiifungue njiani, mama. Unyevu wa pwani hii ni adui wa kioo. Mpaka nyumbani."

"Ahsante, mwanangu. Mungu akulipe kwa kadiri ya kazi yako."

"Amina," akasema Kalama, tena kwa sauti, mjinga yule.

Akaondoka. Ummulkheir hakuondoka. Aliagiza chai ya pili, akaweka simu yake nyingine mezani, akangoja.

Bwana Nicholas alikuwa tayari katika hoteli moja karibu na daraja, shati limebana tumbo, samaki wa kupaka mbele yake na wali wa kutosha msiba mdogo. Kalama ndiye aliyemwambia aagize chochote apendacho. Ukarimu ulikuwa sehemu ya kazi.

"Injinia! Iko wapi hiyo mashine?"

"Mheshimiwa, hii hapa. Nimewakatalia wengi asubuhi ya leo. Nikasema, hii ina mtu wake."

Nicholas akajifuta mikono kwenye kitambaa cha meza, akachomoa kalamu, akaishika angani kidogo ili meza za jirani zione. Maswali ya betri na ya maji hakuuliza hata moja. Mikwaruzo hakuitafuta. Alitia sahihi yake kioo kizima, kwa mikunjo na mikia, akaitazama, akatia nyingine.

"Hii ni sahihi ya mtu anayeongoza," akasema Kalama.

"Unaona eh? Nilikuwa nakosa kifaa tu. Lakini nikitia sahihi, nyaraka zinatumwa papo hapo? Washa mtandao nione."

Kalama akarudisha laini ndani ya simu, akawasha data.

Kioo kikazimika. Kikawaka tena, cheusi, na katikati yake maandishi meupe: SIMU HII NI YA UMMULKHEIR. ULIYE NAYO, TULIA HAPO HAPO ULIPO.

Kisha ikaanza kulia.

Haikulia kama simu zinavyolia. Ililia kama mbuzi wa Idi aliyeona kisu. Kalama akabonyeza pembeni, ikaendelea. Akabonyeza pande zote mbili, ikaendelea. Akaifunika kwa kitambaa cha meza, na mwisho, kwa kukosa shauri, akaikalia. Ikalia chini yake, na watu wa meza zote wakageuka kumtazama mtu mzima anayetoa sauti ile makalioni.

"Ummulkheir ni nani?" akauliza Nicholas.

"Ni… ni kampuni, mheshimiwa. Kampuni ya ulinzi wa simu."

"Na imesema utulie."

"Huwa wanasema hivyo."

Kampuni ya ulinzi ikaingia mlangoni na buibui lake, mkoba begani, simu mkononi ikimwonyesha ramani. Haikuwa na haraka. Ikapita kati ya meza, ikasimama mbele ya Kalama, ikagusa simu yake mara moja, na makalio ya Kalama yakanyamaza.

"Kumbe uko hapa, mwanangu," akasema Ummulkheir. "Ulisahau kunipa simu yangu."

Akatoa ule mfuko wa ngozi mkobani, bado umefungwa vilevile. Akachukua kisu cha Nicholas, akakata gundi, akalibandua ganda. Kipande cha kigae kikaanguka kwenye sahani, juu ya samaki.

"Hicho si kigae cha choo hicho?" akauliza mtu wa meza ya pili.

Kalama akatazama mlango. Nje ya mlango, kwenye kivuli, walikuwa wamekaa waendesha bodaboda, vijana wasio na abiria saa hiyo, wenye nguvu nyingi na kazi chache. Alijua watu wa namna hiyo humfanya nini mtu akishapewa jina moja tu kwa sauti. Aliwahi kusimama kati yao, tena mstari wa mbele, alipokuwa na pikipiki.

"Mama," akanong'ona, "nakuomba."

"Waniomba nini? Simu ni yangu, niliilipia. Ilete."

Akaitoa alipokuwa ameikalia. Ummulkheir akaipangusa, akaandika tarakimu zake, ikafunguka mbele ya macho ya watu wote. Jina lake lilikuwa ndani, na ndilo alilokuwa akiliandika asubuhi kwa ule mwandiko mbaya: jina la akaunti ya kuifunga na kuifuata simu popote ilipo, kisha neno la siri, wakati Injinia akila sambusa.

"Wataka niite jina la kazi yako kwa sauti?" akauliza taratibu.

"La, mama."

"Basi sema mbele ya hawa. Umeniuzia simu hii?"

"Nimekuuzia."

"Kwa bei uliyoitaja mwenyewe?"

"Kwa bei niliyoitaja mwenyewe."

"Kwa ridhaa yako?"

"Kwa… kwa ridhaa yangu."

Ilikuwa kama nikaha, ila bwana harusi alikuwa analia. Hivyo ndivyo Kalama alivyofanya biashara yake ya kwanza ya halali, kitu kizima kwa pesa taslimu, bila ujanja wowote. Na ilimuuma kuliko kipigo.

Hapo Nicholas akakohoa. Katika yote aliyoyaona, udanganyifu, kigae, samaki wake kuharibika, jambo moja tu ndilo lililomwingia kichwani.

"Mama," akasema, "simu inayojitetea namna hiyo, unaiuza?"

Ummulkheir akamtazama, akatazama shati, akatazama sahani. Akavuta kiti cha pili akaketi.

"Naiuza, mheshimiwa. Lakini si rahisi."

"Sikuuliza kama ni rahisi!" akasema Nicholas, ameudhika, maana meza ya pili ilikuwa inasikiliza.

Akaambiwa bei mara tatu ya ile ya asubuhi. Hakubisha. Angebisha vipi, naye ameona kwa macho yake kwamba simu ile haiibiki? Ummulkheir akatoa akaunti yake mbele yake, akamtilia ya kwake, akamwonyesha na kalamu inavyorudi. Pesa zikaingia. Nicholas akaondoka akitafuta kitu cha kutia sahihi, na kwa kukikosa akaitia sahihi menyu ya mlangoni.

Mama alipofungua mkoba kuweka miwani, Kalama akaona ndani. Mlikuwa na simu nyingine mbili kubwa, zote zenye kalamu, zote zimefungwa vizuri kwa kitambaa. Akayakumbuka yale maneno ya iwe safi, isiwe ghali, akaelewa, kwa kuchelewa sana, ni nani aliyekuwa akimtafuta nani. Mwanamke huyu hakuwa na haja na wauzaji waaminifu. Wale wana bei za kweli. Yeye alinunua kwa matapeli tu, kwa bei za matapeli, kisha akahakikisha wanampa mzigo.

Mama alipotoka, akamkimbilia mpaka nje.

"Mama! Kumbe na wewe ni…"

"Mimi ni nini?" Ummulkheir akageuka, sauti ya upole ileile. "Kila simu iliyo humu nimeilipia. Wewe ulitaja bei, mimi sikukupunguza hata senti. Taja mtu mwingine wa pwani hii aliyekuheshimu hivyo."

Kalama akamsogelea. "Basi nichukue, mama. Nikufanyie kazi. Nina maneno, nina mikono myepesi. Nafaa."

Mama akamkagua juu mpaka chini, kama alivyoikagua simu, akitafuta madoa.

"Mwanangu," akasema, "mimi nahitaji mtu mjanja." Akavuka barabara, akaenda zake.

Nyuma ya Kalama mhudumu alikuwa amesimama na bili ya samaki wa kupaka.

Zile pesa zilizobaki hazikununua hata magurudumu ya pikipiki. Siku hizi Kalama hayuko Malindi wala hagusi simu za watu. Yuko Mnarani, na kofia ngumu ya njano kichwani, anauza kiwanja kimoja. Wateja, tunasikia, ni wengi.