King'ora cha Kufukuza Nyati

Jumapili, 12 Aprili 1931
Siku mbaya. Cyrus Whipple, kinyozi, amesimama kanisani akatangaza kwamba anautaka umeya. Nywele zinameremeta mafuta! Watu wakamtabasamia.

Nikasimama nami. Sikuwa na la kusema, lakini ulimi hauna mfupa. Nikajisikia nikiahidi kwamba wakinichagua mimi, Lemuel Pruitt, mji wetu wa Kivuko cha Tully hautang'oa tena uzio kwa ajili ya nyati. Kila masika ni yale yale. Kundi linatoka nyanda za Walakota, wenyeji wa asili wa Amerika, jeusi kama wingu la mvua, linapita katikati ya barabara yetu, nasi tunabomoa mbao za uzio na kupandisha majiko mlimani kama wakimbizi. Tumeishi hivi tangu enzi za babu, ujenzi wa reli ulipokufa ng'ambo ya mto na Walakota wakabaki na nchi yao. Basi, mwaka huu nitawageuza nyati!

Makofi! Kura ni Jumamosi. Nitawageuzaje? Sijui.

Jumatatu, 13 Aprili
Bi Zintkala amekuja na farasi wake. Ndiye Walakota wanayemtuma kutuonya kila mwaka. Kundi litafika Alhamisi. Akauliza ni nani huyo aliyesema nyati watageuzwa. Barabara nzima ikaninyooshea kidole, dada yangu Prudence akiwa wa kwanza.

Alicheka hadi farasi akasogea. “Bwana Lemuel,” akasema, “nyati hapigi kura.”

Kisha uso ukabadilika. Akasema tufungue njia pande zote mbili za mji. Wakikuta pamefungwa hawarudi, wanapita na nyumba.

Tangu hapo sikuweza kula. Maharage tu. Na nyama kidogo.

Jumanne, 14 Aprili
Dawa imepatikana! King'ora cha meli iliyozama mtoni, cha kuzungusha kwa mkono. Nimekijaribu nyuma ya kanisa. Uuuuuu! Nusu ya mji wakapiga magoti wakidhani ni parapanda ya mwisho. Mzee Obadiah, mwoka mikate, akaungama kwa mkewe mambo ambayo hakuna aliyemuuliza. Sasa analala zizini.

Mbwa wote walitimua mbio. Mbwa akikimbia, nyati ni nani?

Jumatano, 15 Aprili
Whipple anapita nyumba kwa nyumba akihimiza watu wang'oe uzio kama kawaida. Mnafiki! Uzio ukiondoka, ahadi yangu nayo imeondoka. Nimekwenda lango la magharibi, wanakoingilia nyati, nikalipigilia misumari. Kidole gumba kimevimba kama kiazi.

Prudence akanikuta hapo. “Na usipoweza, mdogo wangu?”

Nikamwambia nitaweza. Akaniangalia vile mama alivyokuwa akiniangalia. Halafu akajitwika jiko lake, akapanda mlima peke yake. Nilitaka kumsaidia. Ila nilikuwa nimeshika nyundo.

Alhamisi, 16 Aprili
Asubuhi ardhi ilianza kuguna. Nikapanda juu ya lango na king'ora changu. Vumbi. Halafu wao. Mungu wangu, wengi namna ile!

Na hapo muujiza. Kundi likaanza kukata kona lenyewe, kuelekea kivuko cha chini, mbali nasi! Ningenyamaza ningekuwa meya. Lakini nani angejua kwamba ni mimi niliyewageuza? Nikazungusha.

Wakasimama. Wakageuza vichwa. Wakaja! Moja kwa moja, majike mbele.

Nikazungusha kwa nguvu zaidi. Mpini ukang'oka. Nikaparamia nguzo ya kengele iliyo kando ya lango. Nikatazama chini nikamwona Prudence. Alikuwa ameshuka mlima kuja kunivuta.

“Shuka, mpumbavu we! Shuka twende!”

Nikaikumbatia nguzo. Whipple akatokea na shoka, akalishambulia lango ili nyati wapite barabarani wasipite na nyumba. Likapasuka. Nyati wakamwagika ndani. Nikaiona kofia ya bluu ya Prudence chini ya kwato, kisha sikuiona tena. Nikafumba macho. Nililiita jina lake mpaka sauti ikakauka.

Yu hai. Bi Zintkala, aliyekuja akilifuata kundi, alimnyakua akamtupia juu ya farasi. Hakuna aliyekufa. Whipple naye mzima, ila duka hana. Alikuwa langoni wakati wenzake wanahamisha vitu.

Ijumaa, 17 Aprili
Mlimani. Bado wanapita. Prudence hasemi nami. Ameketi na Bi Zintkala chini ya blanketi moja, wananitazama, wanacheka, wananitazama tena.

Bi Zintkala amenieleza. King'ora kile kinalia kama ndama aliyepotea. “Hukuwafukuza, bwana. Umewaita kina mama. Mama akiitwa na mwanawe, lango ni kitu gani?”

Nikamfikiria Prudence akiteremka mlima mbio. Nikainuka nikamwombe radhi. Nikakuta anakula. Nikaona nisimsumbue.

Jumamosi, 18 Aprili
Kura zote kwa Whipple, isipokuwa moja iliyokuja kwangu. Sikuipiga mimi. Mkono ulitetemeka nikatia alama penye jina lake! Baadaye Whipple akanishika bega akaniambia ile moja ni yake, maana si adabu mtu kujichagua mwenyewe. Nani kamwomba adabu?

Jumapili, 19 Aprili
Dubu ameingia mjini! Amefuata mizoga ya nyati waliokanyagana, sasa yumo kwa Mzee Obadiah, anakula mikate. Meya wetu hajui la kufanya. Watu wanakimbizana kufunga milango.

Nikapanda juu ya pipa. Nikawaeleza kwamba dubu huvutwa na kilichofungwa. Akiona mlango wazi hudharau, akaenda zake. Sijui nimeyatoa wapi, lakini yalitoka vizuri mno. Wawili wakaitikia kwa kichwa. Whipple akafuta jasho!

Nimeanza na mlango wetu. Uko wazi kabisa. Prudence yuko ndani, amelala. Nitamweleza akiamka.