Nusu za Kaka

Jumatatu, 3 Machi
Hospitali na kaka. Ni mwezi wa saba sasa tangu saratani ya mapafu ianze kumla. Daktari anataka damu yangu pia. Wanachunguza kama upungufu wa vitamini D, au tofauti za kurithi, huwafanya wavutaji wengine waugue upesi kuliko wenzao. Akasema jibu la uhakika bado hawana. Mimi nilisikia jambo moja tu: vitamini hiyo mwili huitengeneza kwa jua. Jua! La bure! Damu ni Ijumaa. Nikiwa nimejaa vitamini, shemeji hatakuwa na la kusema kuhusu sigara zangu. Tumezaliwa tumbo moja, kaka na mimi, na naogopa. Hilo naliandika hapa tu.

Jumanne, 4 Machi
Nimehamishia meza yangu ya kushonea viatu nje ya kibanda. Shati nimevua. Sigara mdomoni, vitamini mgongoni! Sigara ya kwanza ya siku tuligawana tangu ujana: nusu ya mwanzo yangu, kwa sababu sina subira, iliyobaki yake. Tangu augue, nusu yake naizima na kuiweka kwenye kopo la misumari. Atapona, ataikuta.
Saa sita gundi ikakauka kabla sijageuka. Kiatu cha mwalimu, mteja wangu, kikaganda mezani. Mwalimu akauliza kama akichukue pamoja na meza. Kaka, tuliyemkalisha mlangoni, alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka shemeji akaja mbio na beseni. Nikatazama pembeni.

Alhamisi, 6 Machi
Mgongo umebabuka. Mpango wa pili: vidonge vya vitamini vya kaka. Nilimeza kumi na viwili kwa mpigo. Kumbe shemeji huvihesabu! Akaja juu, akauliza ni mwizi gani huyo wa kumwibia mgonjwa. Kaka akasema amevimeza mwenyewe, alisahau. Akagombezwa yeye, na hata pumzi ya kujibu hana. Mimi nilikuwa chooni natapika, nasikia kila neno. Nikawa mdogo kama kidonge cha piritoni.

Jumatatu, 10 Machi
Majibu. Vitamini imejaa! Nikaruka. Daktari akaniambia nikae chini. Vitamini si ngao ya moshi, akasema. Nilichorithi siwezi kukirudisha, sigara naweza kuiacha. Akauliza navuta ngapi kwa siku. Nikasema tatu. Kaka, kwenye kiti chake cha magurudumu, akasema pakiti nzima. Msaliti!
Halafu akanishika mkono. Akasema yeye ndiyo anakwenda, ila mimi nisimfuate kwa njia hii. Mkono wake ulikuwa mwepesi sana. Nikaapa kwa kaburi la mama kwamba sigara zangu naziacha leo. Pakiti nikampa shemeji. Akaivunjavunja palepale huku analia. Na mimi nililia.

Jumapili, 23 Machi
Kaka alifariki Alhamisi. Juzi tulimzika. Leo siku ya kumi na tatu sijavuta. Nimeshinda! Sina wa kumwambia.

Jumanne, 25 Machi
Nimefungua kibanda. Mwalimu kaleta kiatu kilekile, kisigino kimelegea. Akanipa pole, hakutania. Ningefurahi angetania.
Nikafungua kopo kutafuta misumari. Zimo. Nusu zake zote, za miezi saba, hata msumari hauonekani. Nilikaa nikizitazama mpaka mwalimu akasema atapita kesho.
Nikawaza kuzitupa. Mali ya marehemu? Haiwezekani. Kumpelekea shemeji? Nitamtonesha kidonda. Nikafikiri kwa makini, maana kiapo ni kiapo. Niliapa kuacha sigara zangu. Hizi ni za kaka. Kuna mtu anaweza kubisha?
Nikawasha moja. Ilikuwa kavu, chungu, nikakohoa kikohozi kilekile chake, nikalia peke yangu kama mtoto. Nikawasha ya pili.
Lakini kiti nilikisogeza juani kwanza.